Zawadi 14 hazina mwenyewe: tufundishane kutengeneza vikadi vya majina kwa mkono

#1 MkasiButu

Habari za jioni wanajamvi.

Mwezi uliopita tulimuoza dada yangu. Ukumbi ulipendeza, watu wakaja na zawadi zao wanacheza foleni nzima, mshereheshaji anataja majina, kila kitu safi. Kesho yake asubuhi tumekaa sebuleni na daftari, mmoja anafungua, mwingine anaandika nani kaleta nini, maana mtu hushukuriwa kwa jina na kwa kitu alicholeta. Hapo ndipo tulipogundua zawadi 14 hazina mwenyewe.

Majina yalikuwepo. Tulinunua zile stika zenye maua, tukazibandika wenyewe pale mlangoni. Lakini karatasi za zawadi zile za kung'aa, joto la Dar, mikono inayobeba na kupanga, stika zikaachia moja moja. Nyingine tulizikuta kwenye soli za viatu. Moja ilihamia kwenye boksi la keki. Jiko la gesi la plati mbili halijulikani la nani mpaka leo. Shangazi yetu alileta mashuka aliyodarizi mwenyewe, sisi tukampigia kumshukuru kwa seti ya vikombe. Tangu siku hiyo hapokei simu.

Desemba ni zamu ya mdogo wangu wa mwisho. Safari hii hakuna kubandika, ni kufunga. Nataka kutengeneza vikadi vya karatasi, kimoja kwa kila zawadi, vyenye tundu na kamba, na vipendeze. Nimeanza kwa karatasi ya fotokopi, ikachanika nikiwa bado nafunga. Nikahamia manila, nikatoboa kwa panchi ya ofisini. Nikivuta kamba kidogo tu, tundu linafunguka hadi ukingoni.

Naomba msaada: karatasi gani, tundu nifanyeje, kamba gani? Na kuna anayejua kukata mia moja bila vidole kuota malengelenge?

#2 KamusiYaMtaa

Kwanza pole kwa shangazi.

Pili, ukienda Kariakoo usiseme lebo, utapewa stika za bei. Usiseme kadi, utapewa kadi za mwaliko. Sema tagi za zawadi. Ila "vikadi" imenikaa vizuri, tuendelee nayo.

Tatu, uzi bila picha haunogi.

#3 MzeeWaChapa

Binti, nimestaafu sasa, lakini nimekula chumvi kwenye uchapaji tangu enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono. Nikujibu taratibu.

Karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Shiti 16 za A4 ukizipanga zinatimia mita hiyo. Ile ya fotokopi ni gramu 80, kwa hiyo shiti moja ina gramu 5 tu, ndiyo maana ilikuchanikia. Kwa kikadi cha kuning'inia mimi nasema anzia 200, ukifika 300 simama. Chini ya 160 kinalegea kama sikio la mbuzi. Juu ya 300 mkasi unalia na mkono unauma. Dukani muulize muuzaji "ya gramu ngapi?". Akikutazama bila jibu, shika shiti kwenye pembe moja uitikise. Ikitoa sauti nzito badala ya kuchakarisha, ichukue.

Sasa tundu. Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwa rojo inayomwagwa juu ya wavu unaokimbia, na nyuzi nyingi hulala kuelekea kule wavu unakokwenda. Sisi tulikuwa tunaita njia ya karatasi. Ukichana gazeti kwa kufuata njia, linachanika wima kama umepiga rula. Ukichana kwa kukata njia, linakwenda zigizagi. Vikadi vyako bila shaka ulivikata njia ikiwa imelala kwa urefu, kamba ikavuta kuelekea ukingo uleule, nyuzi zikapisha. Ukikata njia ikiwa imelala kwa upana, lazima kamba ikate nyuzi ndipo ipite. Kujua njia ni rahisi: kunja shiti taratibu upande mmoja, kisha mwingine, bila kubonyeza. Upande unaokubali kwa ulaini, mkunjo wake umefuata njia. Ila tahadhari, njia ikilala kwa upana kikadi kitakuwa laini zaidi kwa urefu. Ndiyo sababu nasema gramu 200 kwenda juu.

Hata hivyo dawa ya tundu ni kiraka. Mwaka 1863 Mmarekani mmoja, Dennison, alisajili hataza ya vikadi vya kufungia mizigo vyenye kiduara cha karatasi kila upande wa tundu. Jambo dogo tu hilo, na ndilo lililofanya vikadi vya mizigo vivumilie safari. Mpaka leo ukiona tagi ya kaki ina kiduara shingoni, ni hilo. Fanya hivyo: kata viduara vya karatasi ileile, upana kama sentimita 2, bandika mbele na nyuma, acha vikauke kabisa, NDIPO utoboe. Ukitoboa gundi ikiwa mbichi utapata uji.

Na panchi ya ofisini ina tundu la milimita 6, kubwa mno kwa kazi hii. Tena ukisukuma karatasi hadi igote mwisho, katikati ya tundu hukaa milimita 12 kutoka ukingoni. Nina hakika wewe hukuisukuma hadi mwisho, ulitaka tundu liwe juu kabisa lipendeze. Sivyo?

#4 MkasiButu

Shikamoo mzee. Kweli kabisa, nililiweka juu ukingoni lipendeze. Umejuaje?

#5 MzeeWaChapa

Marahaba. Kila mtu huanza hivyo. Nenda kwa fundi viatu aliye karibu nawe, ana kile chuma cha kupigia matundu ya mikanda. Tundu la milimita 3 linatosha. Ukiwa na vikadi mia, mpangie vitano vitano juu ya kipande cha ubao akupigie, mpe chochote. Wengine wana hata vile vipete vya chuma vya matundu ya kamba za viatu. Ukivigonga kwenye kikadi, kamba haichani kabisa. Lakini hiyo sasa ni anasa.

#6 BeiYaJumla

Mimi sielewi. Tagi zilizochapwa zinauzwa pakiti nzima, kila moja na kamba yake. Unapoteza wiki tatu kukata manila? Muda ni mali jamani.

#7 BintiUnguja

Assalaam alaykum.

Kaka BeiYaJumla, hizo za pakiti mie nimezitumia. Kamba yake ni ile nyembamba ya kung'aa, haishiki fundo, inateleza. Mgeni akibeba zawadi kwa kishikio, kikadi kinabaki mlangoni. Halafu zimeandikwa Merry Christmas na wewe unampelekea mtu aliyejifungua.

Dada MkasiButu, kuhusu kamba, kwetu huku tunatumia ukindu. Ule wa kusukia mikeka, tena uliokwishatiwa rangi: zambarau, kijani, wa njano. Waulize wasukaji, vile vipande vifupi wanavitupa. Uloweke kwenye maji kama robo saa, uufute, ndiyo ufunge. Ukiufunga mkavu unavunjika katikati kama kijiti. Ukikauka fundo linakaza lenyewe, huyo mtu atatafuta mkasi kulifungua.

Fundo lenyewe: kunja kamba katikati, pitisha kile kitanzi kwenye tundu, kisha pitisha ncha zote mbili ndani ya kitanzi uvute. Basi. Fundo linakaa bapa juu ya kikadi, halisugui ukingo wa tundu. Ukubwa wa kamba mie nakata shibiri moja na nusu kabla ya kukunja.

#8 Pangani62

Naona ukindu umetajwa, katani imesahaulika. Sisi wa Tanga hatukubali.

Kamba ya katani ile nyembamba ya rangi ya udongo, duka lolote la vifaa vya kilimo au ujenzi wanayo. Ni ngumu, haitelezi, na kwenye karatasi ya kaki inapendeza sana. Ubaya wake inamwaga nyuzinyuzi. Kabla ya kukata vipande, ipitishe kwenye mshumaa mara mbili (mshumaa usiowashwa jamani, kuna mtu niliwahi kumwelekeza akaiunguza) halafu kwenye kitambaa. Inalala kimya.

Na jina langu, kwa wanaouliza: miche ya mkonge iliyofika salama Pangani mwaka 1893, alipoileta Mjerumani Hindorf, ilikuwa 62. Mashamba yote ya Tanga yalianzia hapo. Kwa hiyo ukifunga zawadi kwa katani umefunga na historia ya mkoa mzima.

#9 KamusiYaMtaa

Uzi wa uzi. Nimesubiri tangu juzi kuandika hilo.

Picha?

#10 LikoniFeri

Hamjambo, mimi niko Mombasa. Karatasi ya nini kununua? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku huku kwetu tarehe 28 Agosti 2017, kabati langu la jikoni limejaa mifuko ya kaki. Hata mikate hutiwa humo. Mimi hufungua mfuko kwenye maungio, nakata ile sehemu yenye gundi nayitupa, nabandika tabaka mbili pamoja kwa gundi nyeupe, naweka chini ya debe la unga usiku kucha. Asubuhi nina kadibodi ya kaki isiyo na gharama.

Siri ni moja: gundi ipake nyembamba, kwa kipande cha sponji, na upake karatasi zote mbili. Ukipaka moja tu, yenye maji hutanuka na kavu haitanuki, zikikauka kikadi kinajikunja kama ganda la mua.

Kazi yangu ni kuchora hina. Msimu wa harusi ukilala, mikono huwashwa, basi nachora maua yaleyale kwenye vikadi kwa kalamu nyeusi: yule mwembe wa pembeni, mizabibu, vidoto vitatu vitatu. Kwenye kaki hufanana kabisa na mkono wa bi harusi. Watu walidhani nimechapisha. Wasiojua kuchora nitawapa njia ya uvivu: kata bamia katikati kwa upana, iache dakika kumi ikauke ute, ichovye kwenye wino wa muhuri, gonga. Nyota yenye pembe tano, safi. Bamia moja hugonga kama thelathini kabla haijalegea, kisha ukate kidogo upate nyota mpya.

#11 MkasiButu

Dada LikoniFeri, nimecheka halafu nimekimbia sokoni. Bamia changa au iliyokomaa?

#12 LikoniFeri

Iliyokomaa, ile ngumu mama hatakubali uitie kwenye mchuzi. Changa ni ute mtupu, utapata doa. Na bua la jani la mgomba ukilikata kwa upana lina vyumba vyumba kama sega la nyuki, gonga kwa rangi ya kijani uone. Kiazi pia kinafaa ila kiazi kila mtu anakijua.

#13 BeiYaJumla

Sawa, nimekubali nusu. Lakini nipeni hesabu. Vikadi vingapi kwa shiti?

#14 MzeeWaChapa

A4 ni milimita 210 kwa 297. Gawanya upana mara nne, urefu mara tatu: vikadi 12, kila kimoja milimita 52 na nusu kwa 99, hakuna kinachotupwa. Shiti ya gramu 200 ina gramu 12 na nusu, kwa hiyo kila kikadi kina uzito wa gramu moja na chembe. Ukitaka vidogo vya chupa za manukato au asali, 70 kwa 42: vitatu kwa upana, saba kwa urefu, 21 kwa shiti moja.

Kukata: sahau mkasi, binti, hilo jina lako ndilo linalokutesa. Tumia rula ya chuma na kisu cha karatasi chenye wembe mpya, chini uweke kadibodi nene. Pitisha mara mbili kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Wembe butu hauchani karatasi tu, unateleza na kukata kidole. Ukiwa na zaidi ya shiti kumi, nenda stoo ya uchapaji yoyote saa za mchana wakiwa wamepoa. Mashine yao ya kukatia inapitisha rundo zima kwa pigo moja. Wakati uleule omba mabaki. Kila kazi ya kadi za harusi huacha vipande virefu vya karatasi nzito nzuri, huishia kwenye gunia. Nimezitupa karatasi za namna hiyo maisha yangu yote, sasa naumia nikikumbuka.

Pembe mbili za juu zikate mshazari. Ni urembo, ila pembe kali ndizo zinazonasa kwenye nguo na karatasi za zawadi nyingine. Pembe za chini zizungushe kwa kikata kucha.

#15 MamaWawili

Kikata kucha!!! Miaka yote hii nazungushia sarafu kwa penseli.

#16 Ndizi_Bukoba

Mmezungumza karatasi za kununua na za kuokota. Mimi natengeneza karatasi yenyewe, nyuma ya nyumba, na kikadi chake hakifanani na kingine chochote.

Chana karatasi za fotokopi zilizotumika vipande vya ukubwa wa stempu, loweka usiku kucha. Asubuhi saga kwa blenda: konzi moja ya karatasi kwa maji mengi, usiijaze utaua mota. Usitumie gazeti, linatoa rangi ya majivu na baadaye linageuka njano. Trei za mayai zinafaa sana kwa kuchanganya, zenyewe ni karatasi iliyosagwa tayari.

Fremu mbili za mbao zinazolingana, moja ipigiliwe wavu wa dirisha uliokazwa kama ngoma, nyingine iwe wazi ya kukaa juu yake. Mwaga rojo kwenye beseni lenye maji, koroga, zamisha fremu kwa mshazari, inua ikiwa imelala sawa, itikise kulia kushoto na mbele nyuma. Huko kutikisa ndiko kunakofanya nyuzi zisilale njia moja, kwa hiyo mzee, karatasi yangu haina njia! Inachanika kwa shida kila upande. Ondoa fremu ya juu, geuza wavu kwenye kipande cha shuka kuukuu, kamua maji kwa sponji kupitia wavu, inua wavu taratibu. Panga tabaka, shuka, tabaka, shuka, kandamiza kwa mawe juu ya ubao, kisha anika kivulini. Juani inajikunja.

Petali za bogenvilia na nyuzi za kigomba kilichokauka nazitia kwenye beseni mwishoni, si kwenye blenda. Zikikauka zinabaki ndani ya karatasi. Rozela msijaribu, inatoa rangi yote, karatasi inakuwa kama imemwagiwa juisi.

Karatasi 10 za fotokopi ni gramu 50. Kwa hesabu unapata shiti nane za A5 zenye unene wa kikadi, kwa kweli mimi hupata sita au saba kwa sababu rojo nyingine inaishia kwenye mikono na kwa kuku. Kila shiti vikadi vinne. Makombo yanarudi kwenye ndoo.

#17 LikoniFeri

Hapa jirani Kwale, kwenye hifadhi ya tembo ya Mwaluganje, wametengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Nyuzi tupu za majani na magome, wanachemsha na kuosha mpaka haina harufu. Nilipewa kadi yake nikaikataa kwa kinyaa, halafu nikaipenda.

#18 MkasiButu

Ndizi_Bukoba, nimejaribu yako. Imetoka nzuri lakini wino unasambaa, jina la mtu linaonekana limeandikwa na buibui.

#19 Ndizi_Bukoba

Nilisahau wanga. Tia kijiko kimoja cha uji mwembamba wa unga wa muhogo kwenye beseni, au karatasi ikikauka ipake uji huo kwa brashi halafu piga pasi ukiwa umeweka kitambaa juu. Ni ule wanga unaoziba vinyweleo.

#20 BintiUnguja

Na ukishatia wanga, usiviweke kabatini hivyo hivyo. Mie gundi yangu ni ya unga, naipika mwenyewe, kijiko cha unga kwa kama robo tatu ya kikombe cha maji mpaka inakuwa kama uji wa mtoto. Mwaka jana nilitengeneza vikadi vya Idi, nikaviweka kwenye boksi. Ramadhani inaisha nakifungua, mende wamekula viraka vyote, vikadi vimebaki na matundu makubwa kuliko majina. Tone mbili za mafuta ya karafuu kwenye gundi, haiozi haraka na inanukia. Halafu boksi la bati, si la karatasi.

#21 MamaWawili

Kuhusu wino na mimi nichangie. Kwenye kipaimara cha mwanangu tuliandika majina kwa zile kalamu za jeli za rangi. Zawadi ziliwekwa karibu na ndoo ya barafu ya soda. Vikadi vilivyolowa vilibaki na rangi tu, majina yamekwenda. Yaliyopona ni yale niliyoandika kwa biki baada ya kalamu kuisha. Wino wa biki ni wa mafuta, wa jeli ni wa maji. Sasa naandika mapambo kwa jeli na jina kwa biki, na nyuma narudia kwa penseli. Penseli haijui maji.

Na msitumie upande unaong'aa wa maboksi ya biskuti, wino haukauki, unahamia kwenye vidole. Upande wa ndani wa kijivu ni mzuri sana.

#22 KamusiYaMtaa

Mmefika mbali kwenye karatasi, hakuna aliyesema tunaandika nini. "Kwa / Kutoka kwa" ni fomu ya posta. Kanga ina jina, kikadi nacho kiwe na jina. Upande mmoja msemo, upande wa pili mtoaji. "Kutoa ni moyo, si utajiri" ni wa kuanzia.

#23 BintiUnguja

Wazo zuri, ila lina moto. Nilimwandikia wifi yangu "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", kwa nia safi wallahi. Akauliza mbele za watu, dhiki gani aliyokuwa nayo yeye? Kanga ukiinunua unachagua jina ukimfikiria mpokeaji, na mpokeaji naye anasoma akikufikiria wewe. Kikadi ni vilevile. Usiandike "Mkono mtupu haulambwi" ukapeleka kwa mawifi, hata kama unacheka.

#24 Pangani62

Au uandike, kama hutaki simu kutoka kwa shangazi tena.

#25 MkasiButu

Nimerudi na mrejesho, sherehe imepita.

Nilitengeneza 96: shiti nane za gramu 200 nilizopewa bure stoo ya uchapaji. Kijana alinikatia kwa mashine, ikachukua muda mfupi kuliko salamu tulizopeana. Nikaongeza 20 za karatasi ya Bukoba kwa watu wa karibu. Tundu nilipigiwa na fundi viatu wa mtaani, akanicheka wee, kisha akaniomba kumi za mwanae anayemaliza darasa la saba. Kamba katani, iliyopitishwa kwenye mshumaa USIOWASHWA. Bamia iligonga upande mmoja. Watoto wawili wa dada waliifanya kazi hiyo na wakaigonga hadi kwenye friji.

Mlangoni niliweka meza, biki mbili zimefungwa kwa uzi zisitembee. Mgeni anaandika jina mwenyewe, mimi nafunga kwenye kishikio au kwenye utepe. Pasipo na pa kufungia nilizungusha katani kwenye boksi zima kama mzigo wa basi. Hiyo ndiyo iliyochelewesha foleni. Kuna mzee alisema zawadi yake ni ya harusi, si ya kwenda Mwanza.

Matokeo: vikadi vitatu vilichanika, vyote kwenye tundu, vyote ni vile vya mwisho usiku ambavyo nilichoka nikaacha kuweka kiraka. Vitatu hivyo vilianguka kwenye meza ileile, tukavilinganisha na mwandiko wa kwenye kadi za michango, wenyewe wakapatikana.

Kwa shangazi nilitengeneza kikadi peke yake. Karatasi yenye petali, ukindu wa zambarau niliotumiwa kutoka Unguja (ahsante sana dada). Msemo nilifuta mara nne, mwisho nikaandika "Mashuka tunayalalia", nikakifunga kwenye kilo mbili za sukari nikampelekea. Alikisoma, akakigeuza, akasoma upande wa pili. Akasema kamba nimeifunga vibaya, akaifungua, akaifunga upya mwenyewe. Kisha akaniuliza nimekula?

#26 MzeeWaChapa

Vitatu kati ya 116, tena bila kiraka. Nimefurahi. Na lile jiko la gesi je?

#27 MkasiButu

Mzee, la gesi bado. Limewashwa, linapika, mwenyewe hajatokea.

#28 KamusiYaMtaa

Picha.

#29 MkasiButu

Simu wanayo watoto. Kesho.